UZI: Gofu la ukoo Mkomani limerudi kuwa nyumba ya watoto. Tuzungumze maji, chokaa, boriti na warithi

Mkomani (mwenye uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu, wa Amu (Lamu) na wa pwani nzima.

Kila nikipita hapa naliona swali lile lile kwa sura mbalimbali. Nyumba ya marehemu babu iko Mkomani, mtaa wa mji wa kale, dari imeshuka, popo wamehamia, mitini imeota juu ya kuta. Je, inaweza kukaliwa tena na watu wenye watoto wadogo, friji, mashine ya kufulia na bibi asiyeweza ngazi? Inaweza. Sisi tunaishi ndani ya moja, vizazi vitatu pamoja. Naandika kwa urefu kwa sababu nyumba nyingi zinauzwa kwa kukata tamaa, na nyingine zinauawa na matengenezo yenyewe.

Nianze na kinachoziangusha, maana wengi huanzia kwenye rangi na mlango wa nakshi.

Ni maji. Ukuta wa matumbawe na chokaa wenye unene wa nusu mita hauanguki kwa uzee. Mambo huenda hivi: ukoo unahamia Mombasa au Uarabuni, hakuna anayepanda juu kupaka chokaa paa kabla ya masika, ufa mdogo unafunguka. Maji hayadondoki chumbani siku hiyo. Yanatambaa ndani ya tabaka la chokaa na kokoto mpaka yanafika ukutani, pale zilipolala ncha za boriti. Ukiitazama boriti kutoka chini unaiona nzima, nyeusi, ngumu. Ile shubiri moja iliyoingia ukutani imekwisha kuoza na mchwa wako kazini. Boriti mbili tatu zikikatika, dari ya chumba kizima inashuka. Baada ya hapo mvua inaingia kwenye kichwa cha ukuta, inaosha chokaa iliyoshika mawe, na mizizi ya mtini inapata pa kupenya.

Kwa hiyo mwenye gofu na asiye na pesa leo, nakuomba kitu kimoja: funika vichwa vya kuta na mabaki ya paa, hata kwa mabati ya muda yaliyofungwa vizuri yasiondoke na kusi. Kata mitini ikiwa midogo na uue mizizi yake, usiing'oe kwa nguvu kwani inatoka na mawe. Zibua mlizamu, ule mfereji wa kutoa maji ya paa. Ukifanya hayo peke yake, nyumba inaweza kukungoja miaka hadi pesa ipatikane. Usipoyafanya, kila masika unapoteza ukuta ambao mjukuu wako hataweza kuulipia.

Juu ya paa lenyewe kuna jambo ambalo mafundi wengi wa nje hawalijui. Wazee wetu paa likivuja waliongeza tabaka jipya la chokaa juu ya la zamani, na baada ya vizazi kadhaa boriti zinabeba uzito ambao hazikupangiwa. Kabla ya kutia chochote kipya, chimba kidogo pembeni uone matabaka ni mangapi. Yaliyozidi yaondolewe taratibu, kuanzia katikati ya chumba kwenda kwenye kuta, na chini kuwe na nguzo za kuegemeza. Vifusi vishushwe kwa karai siku hiyo hiyo, visirundikwe sehemu moja ya dari.

Tukimaliza paa nitakuja kwenye vyoo, maana pale ndipo maisha ya kisasa yanapogombana na nyumba. Ulizeni.

Kaskazi

Wa alaykum salaam kaka. Umenigusa. Mimi niko Mombasa, nyumba ni ya bibi mzaa mama, Mkomani, ghorofa moja juu. Warithi ni wengi, baadhi wako Muscat. Nina akiba kidogo na moyo unataka kuanza. Nianzie wapi, kwa fundi au kwa ndugu?

Mkomani (mwenye uzi)

Kwa ndugu, kaka yangu, kabla hujanunua hata gunia moja la chokaa. Ukitengeneza nyumba isiyogawanywa, siku ikipendeza ndipo kila mtu anakumbuka fungu lake, na wewe ndiye utakayeonekana mdhulumu. Nendeni Mahakama ya Kadhi mpate orodha ya warithi na mafungu yao kwa maandishi. Halafu muandike makubaliano: nani anakaa, nani anachangia, pesa ya mjenzi inahesabiwa vipi, na ndugu wa nje akija likizo analala wapi. Hilo la mwisho linaonekana dogo, ila limevunja udugu wa watu wengi.

Ustadh wa Langoni

Niongeze kwa ndugu Kaskazi. Kwanza hakikisha nyumba si wakfu. Ikiwa ni wakfu haiuzwi wala hairithiwi, na njia yake ni nyingine kabisa. Ikiwa ni mirathi ya kawaida, mrithi anayetaka kutoka anaweza kukubali kitu maalumu, pesa au mali nyingine, na kuacha fungu lake kwa ridhaa. Hiyo ndiyo takharuji. Iandikwe mbele ya Kadhi na mashahidi. Kwa watu walio mbali, ndiyo njia inayobakisha nyumba kwenye ukoo bila kumnyima mtu haki yake. Na msiwasahau warithi wanawake kwenye karatasi. Hapa Amu nyumba nyingi walipewa mabinti wakiolewa, ili mwanamke akae kwake, na nyingine hadi leo zinajulikana kwa jina la mama. Ulizeni wazee wa kike, wao ndio wanaoijua historia ya umiliki.

Kaskazi

Mungu awalipe. Bibi mdogo yupo hai, nitamkalia.

Mwashi

Mimi ni mwashi, baba yangu alikuwa mwashi hapa hapa. Mwenye uzi ameanza pazuri. Nataka kusema juu ya saruji, kwa sababu kila mteja anayetoka Nairobi ananiambia "fundi, tia simiti, ni imara zaidi."

Uimara wake ndio tatizo. Jiwe letu ni laini na lina matundu, linavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa hewani. Lipu ya chokaa inauruhusu upite. Ukikandika ukuta kwa saruji, maji yaliyomo hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi ndani ya ukuta, na chumvi inakwenda nayo. Chumvi ikikauka inakuwa fuwele, inavimba, inalitafuna jiwe nyuma ya lipu. Kwa nje unaona ukuta safi, kwa ndani jiwe limekuwa unga. Baada ya misimu michache lipu inabanduka pande kubwa na kuondoka na uso wa ukuta. Pale ambapo kuna chokaa, chumvi inatoka juu ya lipu, inachafua, unaikwangua, unapaka tena. Lipu inakufa na jiwe linabaki. Lipu ni rahisi kuirudisha.

Rangi ya mafuta na ya plastiki nazo zinafunga ukuta vile vile. Pakeni chokaa.

Na nondo: mchanga wenye chumvi na hewa ya bahari vinaishikisha kutu, kutu inaifanya inenepe, zege inapasuka. Nyumba za saruji zilizo pwani zinatuonyesha hayo kila siku.

Mkomani (mwenye uzi)

Fundi, nakushukuru. Naomba uwaeleze na kazi ya chokaa yenyewe, vijana wengi hawajawahi kuona tanuri.

Mwashi

Tanuri la kienyeji ni magogo yaliyopangwa duara, katikati pameachwa tundu la kuwashia, juu yake vipande vya matumbawe. Moto ukifika nyuzi 900 hivi jiwe linaachia hewa ya kaboni, kinachobaki ni chokaa ambayo haijazimwa. Hiyo ukiitia maji inachemka yenyewe, kwa hiyo watoto wawe mbali, na macho na mikono ikingwe, inaunguza kweli. Ikishazimwa ilazwe. Mimi siipendi chokaa ya haraka, kadiri inavyolala ndivyo inavyokuwa laini na ya kunata. Ikienda ukutani inavuta ile hewa ya kaboni tena, polepole, mpaka inarudi kuwa jiwe.

Ndiyo maana haitaki kukimbizwa. Pakeni tabaka jembamba, lishike, ndipo la pili. Ukuta ulowanishwe kwanza. Jua kali na upepo wa kaskazi vinaikausha kabla haijashika, inapasuka, halafu mteja anasema chokaa mbaya. Wekeni magunia yaliyoloa mbele ya kazi. Kwenye sehemu za maji, kama sakafu ya choo na birika (tangi la maji ya kuogea), changanyeni unga wa matofali au vigae vilivyochomwa. Chokaa ya namna hiyo inashika hata penye unyevu.

Mchanga uwe wa bara, usio na chumvi. Mchanga wa vilima vya Shela usiguswe, pale ndipo maji ya kunywa ya mji yanapohifadhiwa.

Mawe mapya tunapata Maweni, kisiwani Manda, yanakuja kwa mashua na kupandishwa na punda. Katika hesabu yenu wekeni punda. Hakuna gari litakalofika mlangoni, na mzigo wa punda kutoka gatini hadi Mkomani juu unaweza kuyapita kwa gharama mawe yenyewe msipoupanga.

Mkomani (mwenye uzi)

Sasa boriti, halafu vyoo.

Upana wa vyumba vyetu ni mita mbili na nusu hadi karibu mita tatu kasoro, kwa sababu ndiyo nafasi ambayo boriti ya mkoko inaweza kuivuka ikabeba dari ya mawe na chokaa. Ndiyo sababu misana, zile kumbi za ndani, ni mirefu na miembamba. Watu wanakuja na wazo la kuvunja ukuta mmoja wapate sebule pana ya kuweka makochi makubwa. Ule ukuta ndio umeshika dari mbili, ya huku na ya kule. Ukiuvunja itabidi utie mwamba wa chuma au zege, na hapo umefungua mlango wa yale aliyoyasema fundi. Nunua makochi membamba, au jenga viti vya kukalia ukutani kama vya baraza. Watoto wetu wanalala juu yake, wanasoma juu yake, na chini yake tumeweka makasha ya nguo.

Boriti huuzwa kwa korija, yaani 20 kwa 20. Chagua mwenyewe, zilizonyooka, zilizokauka, zilizotolewa gome. Misitu ya mikoko ya Lamu ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, lakini ukataji unahitaji kibali cha Shirika la Misitu, na mnakumbuka serikali iliposimamisha ukataji mwaka 2018, kazi nyingi za dari zilikwama. Kwa hiyo agiza mapema, na uulize mzigo umetoka wapi kwa kibali gani. Ncha zipakwe dawa ya mchwa, na pale zinapoingia ukutani ziachiwe nafasi ndogo ya hewa, zisizikwe ndani ya chokaa mbichi. Usibadilishe boriti zote za chumba kwa mkupuo ikiwa nusu yazo bado ni nzuri. Tia nguzo chini, toa moja, ingiza moja.

Boriti za zamani zilizochongwa kwa tezo na kupakwa rangi nyekundu na nyeusi, hata ikiwa ncha moja imeoza, zihifadhi. Boriti iliyofupika inaweza kutumika kwenye chumba chembamba zaidi.

Gademu

Kaka, samahani nikukatize. Vyoo? Nyumba yetu ukuta wa choo cha juu umeanza kubeba kuvu mpaka msanani. Tulitia bafu la kisasa, vigae vya Nairobi, kila kitu.

Mkomani (mwenye uzi)

Ndugu wa Gademu, hapo ndipo nilipokuwa nakuja.

Tazama wazee walivyofanya. Choo cha juu kiko juu ya choo cha chini, pembeni. Maji yalikuwa kwenye birika na mtu alioga kwa kata, akitumia kidogo. Ndani ya birika waliweka samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wasife. Kilikuwa chumba kilichopangwa kwa maji machache. Sisi tumeleta bafu la kumwagika, familia ya watu wanane wanaoga asubuhi na jioni, na mashine ya kufulia juu yake. Maji ni mara nyingi zaidi na sakafu ni ile ile.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: maji yabaki mahali pa maji. Usitie bafu ndani ya chumba cha kulala cha juu kwa sababu umeona hotelini. Choo juu ya choo, na mashine ya kufulia ndani ya eneo hilo hilo, afadhali chini kabisa. Ya pili: bomba lisizikwe ukutani. Literemke wazi kwenye kona ya choo, limefungwa kwa vishikizo, ili siku likivuja ulione siku ile ile. Bomba lililozikwa huvuja mwaka mzima ndani ya jiwe kabla halijatoa doa. Huenda lako linafanya hivyo, kwa hiyo usiku mmoja acha vali ya choo hicho wazi bila kutumia maji, usiku mwingine uifunge, na kila mara soma kiwango cha tangi, soma tena alfajiri. Kikishuka hali vali imefunguliwa na kikabaki pale pale ikiwa imefungwa, tatizo ni bomba. Kisiposhuka kabisa, basi ni sakafu, maji yanapita chini ya vigae. Vigae vyenyewe havizuii maji, kilicho chini yake ndicho kinachozuia. Sakafu iinamie kwenye tundu, na kingo za kuta zipandishwe kizuizi hadi kiunoni.

Usikimbilie kupaka upya ule ukuta wa msanani. Tafuta chanzo, bandua lipu iliyooza, uache upumue kiangazi chote cha kaskazi. Nusu mita ya jiwe haikauki kwa wiki.

Tangi: lita 1,000 ni kilo 1,000. Nimeona tangi la namna hiyo limewekwa katikati ya dari, juu ya boriti, na chini yake watoto wanalala. Tangi likae juu ya makutano ya kuta nene, karibu na choo, juu ya mbao zinazogawa uzito. Matangi mawili madogo kwenye kona mbili ni salama kuliko moja kubwa.

Na karo, yaani shimo la maji machafu. Visima na makaro katika mji wetu vimekaribiana. Karo lisilojengewa linapeleka uchafu kwenye kisima cha jirani na unyevu kwenye msingi wako. Lijenge, lifunikwe, liwe na mahali pa kufungulia pa kulitoa.

Mama wa Mtamuini

Mwanangu Mkomani, nimesoma yote, Mungu akupe umri. Lakini hujasema jiko. Sisi watu wa kae tulipika yuu kwa sababu ya moshi na joto, na kwa sababu ya moto, makuti yakishika wote mwaijua hali yake. Mke ashuka na sinia, apanda na vyombo, siku nzima. Sasa magoti yangu yamekataa. Mkwe wangu ataka jiko tini, mwanangu asema yuu ndiyo asili. Wewe wafanyaje?

Mkomani (mwenye uzi)

Shikamoo mama. Tumeliteremsha chini, na sijutii.

Asili yake ilikuwa kuni na makaa. Leo tunapika kwa gesi, moshi haupo. Katika nyumba za ghorofa, chini ndipo walipokaa watumwa na palipowekwa mali, na wenye nyumba walikaa juu. Hiyo ni historia yetu na lazima tuitaje. Vyumba vile vya chini vilikuwa giza kwa sababu hakuna aliyejali anayekaa humo. Sisi tumevipa hadhi: kimoja ni jiko, kinatazama kiwanda (ua wa ndani), na chumba kilicho karibu na choo cha chini ni cha mama yangu. Anakaa mlangoni pake anamwona kila anayeingia tekani (ukumbi wa kuingilia), watoto wakitoka chuoni (madrasa) wanampitia yeye kwanza. Mtungi wa gesi unakaa kiwandani kwenye kisanduku chenye matundu, si ndani.

Juu tumeacha jiko la siku za shughuli, penye hewa, kwa masufuria ya pilau.

Mwambie mwanao jambo moja kwa niaba yangu: mke asipotaka kukaa katika nyumba, nyumba hiyo itakuwa gofu tena, hata nakshi zikiwa nzuri namna gani.

Mama wa Mtamuini

Marahaba baba. Nimemsomea, amenyamaza. Allah akuzidishie.

Binti wa Malindi

Kaka zangu, sisi nyumba yetu iko mji wa kale wa Malindi, ina baraza la mbao juu na paa la mabati lililoinama, nadhani ni ya karne ya 19. Mambo haya ya chokaa yanatuhusu pia au ni ya Lamu tu?

Mwashi

Yanakuhusu, dada. Kuta ni jiwe na chokaa vile vile, usizikandike kwa saruji. Paa lako ni afadhali kuliko letu kwa mvua, lakini maji yote yanashuka kwa pamoja, hivyo angalia mifereji ya paa na miguu ya nguzo za baraza la mbao, pale zinapogusa ukuta na sakafu. Huko ndiko kuoza kunakoanza. Nenda kaitazame Nyumba ya Nguzo ambayo Makumbusho ya Taifa wanaitumia hapo Malindi, utapata mawazo ya jengo la namna yako.

Gademu

Na vibali? Watu wanaogopa kwenda ofisini, wanasema utazuiliwa kila kitu.

Mkomani (mwenye uzi)

Nenda, ndugu yangu. Mji wa kale unalindwa kisheria tangu 1986, UNESCO waliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, na sheria ya Makumbusho na Urithi ni ya 2006. Kubadilisha uso wa nyumba, kuongeza ghorofa au kuvunja ukuta kunahitaji ruhusa ya Makumbusho na ya Kaunti. Peleka picha na vipimo, eleza unataka familia iishi vipi. Na kabla ya hapo itembelee ile Nyumba ya Kiswahili ya Makumbusho hapa Amu. Pale utaona daka (kibaraza cha mlangoni), kiwanda, misana na chumba cha ndani vilivyofuatana, na utaelewa nyumba yako ilikuwa inasema nini kabla haijaanguka.

Mtu akinambia vibali ni vya kuwazuia maskini, namjibu hivi: ukuta wa jirani ni ukuta wako. Nyumba hizi zimeegemeana, na nyingine zimeunganishwa na wikio, lile daraja la juu ya njia. Akichimba mtu mmoja msingi bila mpango, zinapasuka tatu.

Kusi

Swali la sisi vijana: stima, waifai, feni, baridi ya mashine. Watu wa kale hawakuwa navyo.

Mkomani (mwenye uzi)

Waya zipite ndani ya mabomba ya plastiki juu ya lipu, pembeni mwa boriti ya mwisho, ambapo macho hayafiki. Usichimbe jiwe, na usichimbe popote karibu na zidaka (vishubaka vya ukutani). Ukuta wa zidaka katika chumba cha ndani ni kazi ya chokaa iliyochongwa kwa mkono, tundu moja la kuning'inizia televisheni linapasua safu nzima. Televisheni yetu iko msanani, juu ya kabati. Zidakani tumeweka vitabu vya watoto na vikombe vya bibi.

Waifai haivuki jiwe la nusu mita. Vuta waya wa intaneti hadi kila ghorofa, uweke kifaa kimoja juu na kimoja chini. Vuta waya huo kabla ya lipu ya mwisho.

Baridi ya mashine sisi hatukuihitaji, kwa sababu hatukufunika kiwanda. Hapa nasema kwa uchungu. Naona kiwanda kikitiwa mabati au plastiki ngumu ili mvua isiingie na kipatikane chumba kimoja zaidi. Hewa ya moto ya nyumba nzima inatokea pale, na mwanga wa misana yote unatoka pale. Kikifunikwa, mchana unawasha taa, usiku hulali, kisha unanunua mashine ya baridi ambayo maji yake yanadondoka ukutani. Mvua ikinyesha kiwandani inyeshe, mradi sakafu imeinamia mferejini. Watoto wataoga humo.

Kusi

Na wanaosema ni bora kumuuzia Mzungu, atengeneze vizuri, mji ubaki mzuri?

Mkomani (mwenye uzi)

Sina ugomvi na mgeni aliyenunua kwa haki. Wapo waliookoa nyumba ambazo sisi wenyewe tuliziacha zikiloa, na mafundi wetu wamepata kazi humo na hawajasahau ufundi. Lakini tembea jioni kwenye njia ambayo nyumba zake ni za likizo. Milango mizuri, imefungwa. Barazani hakuna mzee, hakuna mtoto anayetumwa chumvi kwa jirani, na msikiti wa mtaa hauna safu ya pili. Nyumba zimehifadhiwa na mtaa umekwisha. Mimi nataka vyote viwili, na ndiyo sababu nasema nyumba irudishwe kwa ajili ya watu watakaoishi humo mwaka mzima, wenye kelele, nguo za kuanika na mtihani wa shule kesho.

Kama ukoo hauna pesa, tengenezeni kwa vipande. Paa kwanza, choo cha chini, vyumba viwili, muhamie. Nyumba inayokaliwa inasema tatizo lake mapema. Kama mnataka kupangisha chumba, sabule (chumba cha wageni) ina ngazi yake, mgeni anaingia na kutoka bila kupita kwa mama zenu. Wazee waliijenga kwa kazi hiyo hiyo.

Seremala

Kwa ufupi tu kuhusu milango. Msitupe mlango wa zamani kwa sababu kizingiti kimeliwa. Tunakata sehemu mbovu na kuunga mbao mpya ya mbambakofi, mfaa (mwimo wa katikati) unabaki, komeo linabaki. Wanaokuja kununua milango na kuipakia mashuani usiku mnawajua, msiwauzie. Na msiupige mlango vanishi nene ya kung'aa, mafuta ya mbao yanatosha.

Kaskazi

Nimerudi na habari. Bibi mdogo amenitajia warithi wote kwa kichwa, hata wale tuliowasahau wa Pate, na tumeanza taratibu kwa Kadhi. Mjomba wa Muscat amekubali takharuji. Wakati karatasi zinaendelea, ndugu wameniruhusu kufunika vichwa vya kuta. Fundi Mwashi, nikija kabla ya masika nianze kukusanya boriti za chumba cha juu, niagize urefu gani? Nina vipimo vya chumba, nimepima mlangoni.

Mwashi

Alhamdulillah. Kipimo cha mlangoni hakitoshi, ndugu. Kuta zetu hazikwenda sambamba, chumba kinaweza kuwa chembamba upande mmoja kuliko mwingine. Pima ukuta hadi ukuta kwa juu, pale boriti zinapokaa, kila baada ya mita moja. Kwenye kila kipimo ongeza shubiri moja kila upande ya kuingia ukutani. Andika kwa mpangilio kuanzia mlangoni hadi mwisho. Halafu gonga matundu ya boriti za zamani kwa nyundo ndogo. Linalotoa unga liandike pembeni, hapo tutajenga upya jiwe kabla ya kulaza boriti. Nitumie orodha, nami nitakuhesabia korija ngapi.